Viti Vitupu, Lakini Ndege Imejaa

SWALI: Mhariri, mwezi uliopita nilikuwa nisafiri kwa ndege ndogo kutoka Nanyuki saa nane mchana. Anga lilikuwa safi, jua linawaka, na viti viwili vilikuwa vitupu. Hata hivyo, rubani alikataa sehemu ya mizigo yetu, kisha akatungojesha hadi saa kumi na moja. Abiria walinung'unika sana. Je, alikuwa na sababu ya msingi?
Msomaji, Laikipia

JIBU: Alikuwa nayo, na sababu yenyewe ni lile jua mliloliona kuwa neema. Uwanja wa Nanyuki uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na joto huizidisha wepesi. Joto likifika nyuzi 27 za Selsiasi, ndege hupaa kana kwamba uwanja umeinuliwa hadi mita 2,800 hivi: mabawa hayapati hewa ya kutosha kuyabeba, pangaboi huvuta kwa udhaifu, injini hupungukiwa nguvu, na njia ya kurukia iliyotosha asubuhi huwa fupi mchana. Kiti kitupu hakibadilishi hesabu hiyo, kwa kuwa kinachopimwa ni uzito wa watu, mizigo na mafuta kwa pamoja.

Tarehe 11 Aprili 1996, mjini Cheyenne katika jimbo la Wyoming, Marekani, ambako mwinuko unakaribiana na wa Nanyuki, ndege aina ya Cessna 177B ilianguka muda mfupi baada ya kupaa na kuwaua wote watatu waliokuwamo: mtoto wa kike wa miaka saba aliyetangazwa kuwa anairusha kuvuka nchi, baba yake, na mwalimu wa urubani aliyekuwa na dhamana ya ndege. Wachunguzi walikuta kwamba ilizidisha uzito kwa kilo 44 hivi na kwamba iliondoka mvuani huku dhoruba ikikaribia, ingawa mwalimu alikwisha kuarifiwa kuwa ndege iliyotangulia ilikumbana na upepo wa kubadilika ghafla. Lililonisikitisha zaidi katika matokeo yao ni kwamba walitaja pia ratiba iliyobana mno, kwa sehemu kutokana na ahadi kwa vyombo vya habari. Kwa maneno mengine, kuna watu waliokuwa wakisubiri.

Rubani wenu naye alikuwa na watu wanaosubiri, tena wamesimama mbele yake wakinung'unika, na bado alishika hesabu yake. Angeweza kujaribu na kukatiza mbio kama hangefikia asilimia 70 ya kasi ya kupaa katikati ya njia, kama marubani wengi wanavyofundishwa, lakini kipimo hicho ni kinga ya mwisho, wala hakihalalishi kubeba uzito uliokwisha kujulikana kuwa umezidi.

Safari nyingine, ukiulizwa uzito wako, taja ulio wa kweli pamoja na begi la mkononi. Na ukiwa na mizigo mingi, omba ndege ya asubuhi, hewa ingali baridi.