Kuku 200 na friji la Mangi

Mwaka 2020 nilikuwa dereva wa watalii Arusha. Sisi wa kazi hii tunazoea kuweka akiba ya masika, maana Aprili na Mei wageni hupungua. Mwaka ule korona ikaingia, masika yakaisha, Juni ikafika, mgeni hakuna. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, uliofuata hawakufika hata laki saba. Bosi alituita uani, tukakabidhi funguo za magari.

Kila niliyemwambia alinijibu neno moja: jiajiri. Nikachukua vifaranga 200 vya broila. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa tamu kweli. Wiki ya tano kuku wako tayari, nikakumbuka kwamba waliokuwa wakinunua kwa wingi ni hoteli, na hoteli zimefungwa. Broila hasubiri. Akishafika uzito, anaanza kula faida, akiimaliza anaingia kwenye mtaji. Wiki ya nane nilikuwa nawakopesha majirani, na majirani zangu ni nani? Wapagazi, wapishi wa kambini, dada mmoja aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli. Kazi yangu na wateja wangu vilikuwa vimetokea mlango mmoja.

Ndiyo maana yule anayesema vijana wasio na kazi ni wavivu wa kujiajiri huwa namsikiliza nusu. Mshahara wangu ulikuwa unapita kwa Mangi dukani, kwa mama wa chapati, kwa bodaboda wa shule, kwa mwenye nyumba. Ulipokatika, Julai Mangi alizima friji la soda kwa sababu umeme ulikuwa unazidi mauzo. Gari la soda likawa linapita bila kusimama.

Na takwimu? Kwa kipimo cha kimataifa, ukifanya kazi ya kipato hata saa moja kwa wiki, una kazi. Kwa hiyo mimi na kuku wangu wa mkopo tulihesabika.

Kama uko kwenye hali ile sasa, kabla hujaweka hela kwenye biashara yoyote, jiulize anayenunua analipwa na nani. Kama naye anategemea sekta iliyokuangusha, tafuta mteja mwingine. Baadaye niliuza mayai ya kienyeji kwa walimu na manesi, watu ambao mshahara wao haukukatika. Nilipata kidogo, lakini kila mwisho wa mwezi nililipwa.

Mwenye nyumba mfuate wewe kabla hajakufuata. Wangu alikubali nusu kodi kwa miezi minne. Nyumba tupu ingemletea nini? Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya mtaani, usiiguse, hata wakikuletea fomu mlangoni.

Na wewe mwenye kazi, leo hii angalia michango yako ya hifadhi ya jamii. Kuna fao la kukosa ajira, kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi na hakuacha kazi kwa hiari. Mimi nilikatwa kila mwezi, kumbe michango ilipelekwa kwa kurukaruka. Niliyajua hayo dirishani kwa mfuko, nikiwa na barua ya kuachishwa kazi mkononi.

Nilirudishwa kazini Agosti 2021. Siku niliyolipa deni la dukani, Mangi alikata jina langu kwenye daftari, kisha akainama nyuma ya kaunta kutafuta waya wa friji.