Vikale: mliyouliza wiki hii

Kikale ni nini, na kinatofautianaje na mhusika bapa?
Kikale ni ruwaza ya mhusika, tukio au taswira inayojirudia katika hadithi za watu wengi: mzee mwenye hekima, safari ya kutafuta, gharika. Ubapa unahusu namna mhusika alivyochorwa: kwa sifa moja tu, bila kubadilika. Mzee mwenye hekima anaweza kuwa bapa, au akawa na mashaka na hasira kama binadamu yeyote.

Je, Jung alisema tunazaliwa na picha hizo kichwani?
Hapana, ingawa husingiziwa hivyo kila mara. Carl Gustav Jung (1875–1961), daktari wa akili wa Uswisi aliyeeneza dhana ya vikale, alisisitiza kwamba kinachorithiwa ni mwelekeo wa kuunda picha. Picha yenyewe hutokana na maisha ya mtu na utamaduni wake.

Kuna ushahidi kwamba mwelekeo huo hurithiwa?
Haba. Wapinzani wana hoja nzito: binadamu wote huzaliwa, hulelewa, huogopa na kufa, basi hadithi zao zitafanana tu. Tena hadithi husafiri. Anansi, buibui mjanja wa hadithi za Afrika Magharibi, alifika Karibiani pamoja na Waafrika waliopelekwa huko utumwani.

Mwalimu ametupa kazi ya uhakiki wa kivikale. Nianzie wapi?
Usianze kwa kubandika majina. Ukiandika "Sungura ni kikale cha mjanja" ukaweka nukta, hujahakiki kitu. Mlinganishe na Anansi wa Waakan na Coyote, mnyama wa jamii ya mbwa katika hadithi za wenyeji wa Marekani: wote huvunja kanuni, na mara nyingine hunaswa na hila zao wenyewe. Kisha uliza: katika hadithi hii, mjanja anamshinda nani? Anaadhibiwa au anachekewa? Mwandishi anapokiuka ruwaza tuliyoizoea, hapo ndipo penye alama zako. Northrop Frye, mhakiki wa Kanada, alikwenda mbali zaidi mwaka 1957 akahusisha tanzu na misimu: komedia na majira ya kuchipua, tanzia na majira ya majani kupukutika. Ni mpango unaovutia, ila kwangu umenyooka mno.

Kivuli, kikale kingine cha Jung, ni uovu uliomo ndani yetu?
Si uovu pekee. Ni yote tunayoyakataa nafsini mwetu, hata kipaji tulichokionea aibu.

Jaribio la mtandaoni limeniambia mimi ni "Shujaa" kati ya vikale 12. Niamini?
Jung hakuacha orodha ya 12. Orodha hiyo ilikuja baadaye, na watu wa matangazo ya biashara wanaipenda sana. Furahia jibu lako, lakini usiliweke kwenye wasifu wa kuombea kazi.