Muulize Mhakiki: Dakika nane na mwongozaji

Mwezi huu barua nyingi zinahusu mahojiano kuliko filamu zenyewe, basi nimeziweka pamoja. Aliyeniita "Shangazi" nimemsamehe, ingawa shangazi wa gazeti hili anakaa ukurasa wa mapenzi.

*"Shikamoo Shangazi. Nimeandika uhakiki miaka miwili, ila sijawahi kumhoji mtu. Wiki ijayo nimepewa dakika nane na mwongozaji wa filamu mpya, hotelini, wanahabari wengine wakisubiri foleni nje. Nimeandaa maswali 22. Nianze na lipi?"* Mwenye Kijasho

Marahaba. Anza kwa kufuta 19.

Hizo dakika nane si nane. Moja huishia kwenye salamu na kutafuta pa kuweka kinasa sauti, nyingine huibwa na afisa uhusiano anayechungulia mlangoni akikuonyesha vidole viwili. Unabaki na sita, mbele ya mtu aliyeulizwa mambo yaleyale tangu asubuhi: wazo lilitoka wapi, changamoto zilikuwa zipi, jamii ijifunze nini. Majibu anayo mdomoni kama mtoto anayeghani shairi la shule.

Nayajua hayo kwa sababu mahojiano yangu ya kwanza niliyafungua kwa "Ujumbe wa filamu hii ni nini?" Yule bwana akanitazama, akatazama saa, akaniuliza, "Umeiona?" Nikasema nimeiona. "Basi." Tukabaki tunasikiliza kiyoyozi. Nilirudi ofisini na sentensi tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kunishukuru kwa kuja.

Miezi kadhaa baadaye nikapewa mwongozaji mwingine, mama mmoja aliyesifika kwa ukali. Filamu yake nilikuwa nimeitazama mara mbili, na ile mara ya pili nikanasa kitu: mhusika mkuu anafunga mlango wa chumba cha mwanawe mara tatu. Mara mbili za mwanzo tunausikia ukigonga fremu. Mara ya tatu unafungwa kimya, hata kitasa hakilii. Nikamuuliza hilo tu: ule mlango wa tatu, sauti yake ilikwenda wapi? Akaweka kikombe chini. Akasema sauti ilikuwepo hadi usiku wa mwisho wa kuchanganya sauti. Fundi alikuwa akitafuta kubweka kwa mbwa kulikoingia kwenye rekodi, akazima mstari usio wenyewe, mlango ukapita bubu, na chumba kizima kikanyamaza. Fundi akanyoosha mkono airudishe, naye akamshika mkono. Kutoka hapo akaanza kumzungumzia mama yake mzazi, jambo ambalo sikuwa nimeliuliza. Afisa uhusiano alipochungulia, yeye mwenyewe ndiye aliyempungia aondoke.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nenda na maswali matatu, na kila moja ulifunge kwenye kitu ulichokiona au kukisikia kwenye skrini. "Kwa nini kamera inabaki kwenye kiti wakati mtu ameshaondoka?" humlazimu akumbuke siku ya kazi, nani alikuwepo, nini kiliharibika. "Ulijisikiaje?" humrudisha kwenye shairi lake. Akimaliza kujibu, usirukie swali la pili. Hesabu hadi tatu kimoyomoyo. Watu hawapendi kimya, hukijaza wenyewe, na mara nyingi nukuu yangu bora huipata hapo.

Mwongozaji Mfaransa François Truffaut alipokwenda kumhoji mwongozaji mwenzake, Alfred Hitchcock, mwaka 1962, alikaa naye siku kadhaa, mkalimani Helen Scott akiwa katikati yao. Wakapita filamu moja baada ya nyingine, na maswali mengi yalikuwa ya fundi kwa fundi: picha hii uliipataje, hapa ulikata kwa nini. Kitabu kilichozaliwa hapo kilitoka mwaka 1966 na waongozaji wanakisoma hadi leo. Muda kama ule hutapewa, ila maswali ya namna ile hakuna anayekuzuia.

Halafu beba vinasa sauti viwili. Usiniulize nimejuaje.

*"Dada, nilimhoji mwongozaji akanichangamkia mno, hata namba akanipa. Sasa nimeiona filamu yake. Mbovu. Naandikaje?"* Mwenye Soni

Kumbe ulimhoji kabla hujaiona! Hutokea, wakati mwingine hawakuonyeshi mapema, lakini ukiweza usikubali. Mimi huandika maoni yangu usiku uleule nikitoka kwenye onyesho la wanahabari, ukurasa mmoja wa daftari, kabla sijakutana na yeyote. Nikishamhoji mwenyewe naurudia. Kama kuna jambo la filamu ambalo sikulielewa na sasa nalielewa, nasahihisha. Kama kilichoongezeka ni kwamba jamaa alinitaja kwa jina mara nne na kunimiminia chai kwa mkono wake, ukurasa unabaki ulivyo. Na mwenzangu akiwepo, humwachia uhakiki, nami nikabaki na mahojiano. Mwulize mhariri wako.

Usipokuwa na wa kumwachia, uonyeshe huo ubovu. "Mbovu" peke yake ni tusi. "Nusu saa ya katikati inarudia ugomvi uleule mara tatu, na kila mara tunajua nani atashinda" ni hoja, na mwenye filamu anaweza kuibishia. Atanuna, hilo ulijue. Truffaut huyohuyo, alipokuwa bado mhakiki, aliandika kwa ukali hadi mwaka 1958 akanyimwa kibali cha kuhudhuria tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Mwaka 1959 akarudi palepale na filamu yake ndefu ya kwanza, akatoka na tuzo ya uongozaji. Ile namba usiifute, ila usiipige wiki hiyo.

*"Filamu ikiwa na asilimia 90 kwenye Rotten Tomatoes, si ndiyo imepata tisa juu ya kumi? Tumebishana nyumbani."* Mbishi

Umeshindwa, pole. Tovuti ile hukusanya maoni ya wahakiki, na asilimia yake huhesabu wangapi wameipitisha filamu, haipimi wameipenda kiasi gani. Wahakiki kumi wakisema wote "inatazamika, basi", itasomeka 100. Nyingine ikiwaliza saba na kuwaudhi watatu mpaka watoke nje, itasomeka 70. Mimi ningekata tiketi ya hiyo ya pili.

*"Afisa uhusiano amenisainisha karatasi ya embago, na sasa anataka asome makala yangu kabla haijachapwa. Nikubali?"* Kalamu Changa

Embago heshimu, makala kataa. Embago ni ahadi kwamba hutachapa kabla ya siku na saa fulani, na ina faida kwako pia: hukimbizani na wenzako kuandika filamu usiyoitafakari. Ukiivunja, usishangae jina lako likikosekana kwenye orodha ya onyesho lijalo. Ila isome vizuri, maana nyingine huzuia uhakiki tu, na nyingine huzuia hata neno moja mtandaoni.

Kuhusu makala, mwambie kwa upole kwamba kukiwa na tarehe au jina la kuhakikisha utampigia, kisha umpigie kweli. Akitaka maswali mapema mpe mada: sauti, uhariri, basi. Niliwahi kumpa mmoja maswali kamili. Mwongozaji akaja na majibu yaliyopigwa chapa, akavaa miwani, akanisomea kurasa mbili bila kuinua kichwa.

*"Kuandika filamu inaishaje ni kosa?"* Msomaji wa Siku Nyingi

Ndiyo. Tumezoea kwamba stelingi hafi. Kama wako amekufa, mwache msomaji akamkute mwenyewe.