Jibu: Je, mtoto anahitaji lugha ili ajue mwenzake anadhani nini?

Umeuliza, ndugu, kama lugha ndiyo inayotufungulia akili za wengine. Mimi naona ina mkono mkubwa, ila si yote.

Mwaka 1983 wanasaikolojia Wimmer na Perner waliwasimulia watoto kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti kabatini. Alipotoka, mama yake akaihamishia kabati jingine. Akirudi ataitafuta wapi? Wa miaka 3 wengi hutaja ilipo sasa. Kwao, ninachokijua mimi kila mtu anakijua! Wakifika miaka 5 hivi, wengi hujibu sawasawa.

Sasa waangalie watoto viziwi. Waliolelewa na wazazi viziwi wanaotumia lugha ya alama hawachelewi. Waliokosa lugha hiyo mapema huchelewa, tena sana. Basi shida si masikio. Walichokosa ni mazungumzo ya "alidhani", "alisahau", "hajui".

Lakini mwaka 2005 wanasaikolojia wengine, Onishi na Baillargeon, waliona watoto wa miezi 15 wakikodoa macho kwa muda mrefu zaidi mtu alipotafuta kitu mahali ambapo hakuwa na sababu ya kudhani kipo, kana kwamba wameshangaa, yaani walishahisi anachodhani. (Wapo wanaobisha tafsiri hiyo, na wana hoja.) Huenda kuhisi kunatangulia, kueleza kwa nini mwenzako amekosea ndiko kunakodai maneno.