Geuza jani kabla umande haujakauka

Asubuhi moja ya Mei niliingia kwenye nyanya zangu hapa Kapchorwa, Uganda, baada ya mvua ya usiku kucha. Majani machache yalikuwa na mabaka ya kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Nikasema ni baridi tu, nikaenda zangu. Siku ya sita mashina yalikuwa yamegeuka kahawia na matunda mabichi yamefanya mabaka magumu. Kati ya miche mia nne sikuvuna hata beseni moja, na ada ya shule ilikuwa inaningoja.

Hiyo ndiyo bakajani chelewa, ugonjwa uleule unaoteketeza viazi mbatata. Jirani yangu wa upande wa juu alikuwa na viazi vilivyoungua wiki mbili kabla, nami nilivipita kila siku bila kuwaza kwamba upepo unashuka na ugonjwa huo kwangu.

Ukitaka kuijua, geuza jani lenye baka asubuhi na mapema. Ukingoni mwa baka, upande wa chini, utaona utando mweupe kama unga uliopepetwa. Jua likipanda utando hupotea, ndiyo maana anayekagua saa sita huona jani kavu tu. Bakajani tangulia ni nyingine: huanzia majani ya chini yaliyozeeka, na madoa yake yana duara ndani ya duara. Hiyo hupenda joto na huenda polepole. Mmea ukinyauka ghafla ungali kijani, kata shina ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi wa maziwa unashuka, ni mnyauko wa bakteria; ng'oa, usipoteze dawa.

Dawa nayo ina mambo yake. Mwaka ule niliuziwa ya wadudu, nikaipuliza kwa bidii zote! Bakajani si mdudu. Mankozebu, dawa ya ukungu, hukinga, haiponyi, kwa hiyo naipuliza kabla ugonjwa haujaingia, na mvua zikikaza narudia kila siku saba, nikihakikisha inafika chini ya jani. Ugonjwa ukishaonekana natumia dawa yenye kiambato cha metalaksili, ila siirudii msimu mzima kwa sababu vimelea huizoea. Na tafadhali, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo. Nyanya hizo zinaliwa na watoto.

Lakini kilichonisaidia kuliko dawa yoyote ni hewa. Sasa napanda sentimita 60 kati ya mche na mche, nafunga kila mmea kwenye kijiti, natoa majani yanayogusa udongo, namwagilia shinani na siingii shambani kukiwa na maji kwenye majani isipokuwa kukagua. Na palipotoka viazi au biringanya sipandi nyanya msimu unaofuata.

Juzi nimekuta majani mawili yenye utando, mstari wa karibu na migomba. Niliyakata nikayafunga kwenye mfuko palepale, kabla ya kupiga hatua, nikaenda kuyachoma. Leo nimegeuza majani ya mstari ule mzima, bado ni masafi.