Mbona sokwe akisimama wima anayumba?

SWALI: Nimemwona sokwe wa Gombe akitembea kwa miguu miwili, mikono imejaa matunda, huku akiyumba kulia na kushoto kama mlevi. Je, ni kwa sababu kiuno chake ni kigumu? Na sisi wanafunzi tunaweza kulipima jambo hili?
Mwanafunzi, Kigoma

JIBU: Kiuno kigumu ndiyo maelezo yaliyozoeleka, na si ya ovyo. Sokwe ana pingili 3 au 4 za kiuno, sisi tuna 5, tena mifupa ya nyonga yake ni mirefu hadi inakaribia mbavu za mwisho. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, walipima sokwe na binadamu wakitembea, wakakuta kifua cha sokwe kinajipinda dhidi ya nyonga karibu sawa na chetu, yaani kiuno chake si kigumu kama ilivyodhaniwa. Kinachotofautiana sana ni nyonga yenyewe: ya sokwe huzunguka zaidi kila hatua.

Kuyumba kunatokana na mahali misuli ilipo. Mguu mmoja ukiwa hewani, nyonga hutaka kuanguka upande huo. Kwetu, mabawa ya nyonga, yaani sehemu pana za juu za mifupa yake, ni mafupi na yamegeukia ubavuni, kwa hiyo misuli ya tako, ule wa kati na ule mdogo, huivuta kutoka pembeni. Nyonga inashuka kidogo tu. Kwa sokwe mabawa yametazama nyuma, na misuli hiyo haina mvuto huo wa pembeni. Basi yeye hubebesha kiwiliwili chote juu ya mguu uliokanyaga, na nyonga ya upande wa pili hupanda badala ya kushuka. Binadamu ambaye misuli hiyo imelegea naye huegemea upande wa mguu uliokanyaga.

Kupima, bandikeni vipande vya plasta juu ya mifupa miwili ya nyonga na kwenye mabega yote mawili. Simu ya kurekodi video iwe nyuma ya anayetembea, juu ya kigoda, kimo cha kiuno, isishikwe mkononi. Simamisheni picha mguu mmoja ukiwa hewani, chora mstari kati ya plasta za nyonga na mwingine kati ya za mabega, pima pembe ya kila mmoja na mlalo. Suruali pana huteleza na kuharibu kila kitu. Vaeni kaptura ya kubana. Hatua 2 za mwanzo na za mwisho ziacheni, mwendo bado haujatulia. Sokwe mrekodini kwa mbali, maana mafua yetu huwaua.