Nianze kumwambia nani?

SWALI: Daktari wa akili ameniambia nina nafsi zaidi ya moja, na zinapopishana ndipo ninapopotewa na kumbukumbu. Nimechoka kuficha. Mama anasema ni majini, mganga ameshaitwa. Kazini nauza dukani na nashika pesa. Nianze kumwambia nani, na nimwambie kiasi gani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada, anza na mtu mmoja unayeishi naye. Kama kuna mabaya yaliyokupata utotoni, hayo yaache kwa mtaalamu. Wa nyumbani inamtosha kujua ataona nini na afanye nini. Ataona umekodoa macho, sauti imebadilika, au unauliza jambo uliloambiwa sasa hivi. Hapo ataje polepole jina lake, siku na mahali: "Mimi Rehema, leo Jumanne, tuko jikoni kwetu." Akupe gilasi ya maji baridi uishike, miguu yako ikanyage sakafu. Asikushike kwa nyuma wala asikutikise. Na asiseme "mwite yule mwingine tumwone." Hilo ndilo huharibu zaidi, maana ukigeuzwa tamasha unaingiwa na hofu, na hofu ndiyo inayokubadilisha tena na tena.

Wekeni daftari moja mahali pa wazi. Kila nafsi iandike tarehe, saa, ilichofanya na pesa iliyotumia. Lisiwe la kulaumiana: matusi yakianza humo, nafsi nyingine zitaacha kuandika na daftari limekufa.

Dawa ya hali hii yenyewe hakuna. Tiba ni mazungumzo ya muda mrefu. Ukipewa vidonge, mara nyingi ni vya sonona au usingizi, na hatari yake ni kumeza mara mbili, kwa kuwa aliyemeza asubuhi siye anayekumbuka jioni. Nunua kisanduku cha vyumba 7: cha leo kikiwa kitupu, umeshameza.

Kwa mama usibishane habari ya majini. Hata orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, imeweka hali yako (6B64) mbali na maradhi ya kupagawa (6B63), na kupanda pepo kwa mila au dini haikuhesabu kuwa ugonjwa. Dua aendelee nayo. Mwombe tu usifungiwe, usipigwe, wala usinyweshwe kitu ambacho daktari wako hakijui.

Kazini jina la ugonjwa si lazima. Sema: "Nina tatizo la kiafya linalonisahaulisha. Naomba maagizo kwa maandishi, na pesa tuhesabu wawili tunapokabidhiana." Mengine unaweza kuyaongeza mwakani, ukishayasema huwezi kuyarudisha.

Na uwe na barua ya daktari wako kila uendapo hospitali. Ukitaja sauti za nafsi nyingine kichwani, wapo watakaoandika skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili, na kukuanzishia dawa zisizokuhusu.

SWALI: Mke wangu hubadilika akawa kama mtoto wa miaka sita. Wanetu wana miaka 5 na 9. Tuwaambieje?
Baba Salma, Mombasa

JIBU: Kwa ufupi: "Mama wakati mwingine hujihisi mdogo. Si kosa lenu, na itapita." Wa miaka 9 asifanywe mlezi wa mama yake. Mpe namba ya shangazi au jirani anayejua, na mfundishe kupiga simu tu; kama mama alikuwa akipika, mtungi wa gesi ataufunga huyo mtu mzima akifika.